Okidi za ardhini: Namna ya kuzikuza katika bustani yenye kivuli

Na Mwandishi Wetu

WAKAZI wengi wa mijini waliobahatika kuwa na kipande cha ardhi nyuma ya nyumba hukumbana na tatizo moja: sehemu kubwa ya kipande hicho iko kivulini. Upande mmoja upo ukuta wa jirani, upande wa pili upo mwembe uliokuwapo kabla ya nyumba yenyewe, na katikati hapaoti nyasi wala waridi.

Aghalabu mahali kama hapo huachwa patupu, au hugeuzwa kuwa pa kuwekea matofali na mabati yaliyobaki wakati wa ujenzi.

Hata hivyo, lipo kundi la mimea ambalo kwa asili yake huishi chini ya miti, na ambalo jua kali la mchana hulidhuru badala ya kulinufaisha. Kundi hilo ni la okidi za ardhini.

Watu wengi wanapolisikia jina la okidi hufikiria ua la bei kubwa linalouzwa ndani ya chungu katika maduka ya maua. Mengi ya maua hayo ni ya jamii zinazoota juu ya magome ya miti, mizizi ikining'inia hewani. Okidi za ardhini ni tofauti. Hizo huota katika udongo kama mimea mingine, na zikishapata mahali zinapopapenda, baadhi yake huweza kudumu bustanini kwa miaka mingi bila kudai uangalizi mkubwa.

Makala haya yanaeleza aina zinazofaa, namna ya kuandaa mahali, jinsi ya kuzipanda na kuzitunza, na jambo ambalo ni zito kuliko yote hayo: mche wenyewe utoke wapi.

Okidi ni mmea wa namna gani?

Familia ya okidi ni miongoni mwa familia kubwa kabisa za mimea itoayo maua duniani, ikiwa na zaidi ya aina 25,000. Mvanila, unaolimwa Kagera na nchini Uganda, nao ni okidi, na wakulima wake wanajua vyema kwamba mmea huo haustawi bila kivuli.

Okidi za ardhini huhifadhi chakula chake kwa namna mbili kuu. Zipo zenye mashina yaliyovimba, yanayokaa juu ya udongo au chini yake kidogo, na kila mwaka huongeza shina jipya kando ya lile la zamani. Zipo pia zenye viazi vidogo vilivyofichika ardhini, kimoja cha zamani kinachonyauka na kingine kipya kinachokua kwa ajili ya msimu unaofuata.

Tofauti hiyo si ya kitaalamu tu. Okidi yenye mashina yaliyovimba hugawanyika kwa urahisi na huvumilia kuhamishwa. Okidi yenye viazi, ikishang'olewa porini, mara nyingi hufa.

Sababu kubwa ni kuvu. Mbegu ya okidi ni ndogo mithili ya vumbi, na haina akiba ya chakula ndani yake kama ilivyo mbegu ya hindi au ya haragwe. Tumba moja laweza kuwa na maelfu ya mbegu, lakini ili ichipue porini, mbegu lazima ikutane na kuvu maalumu wa udongoni anayeilisha katika siku zake za mwanzo.

Jambo hilo liligunduliwa mwaka 1899 na mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, Noël Bernard. Mwaka 1922, Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba mbegu hizo zaweza kuoteshwa maabara bila kuvu, zikilishwa sukari na madini ndani ya chupa. Miche mingi ya okidi inayouzwa duniani leo imetokana na njia hiyo au na njia zilizoendelezwa kutoka kwayo.

Kwa baadhi ya aina, hasa zile zenye viazi, uhusiano huo na kuvu huendelea hata mmea ukiwa mkubwa. Mtu anayeuchimba mmea huo na kuupeleka katika udongo mwingine huwa ameutenga na mlishi wake.

Aina zinazofaa

Kwa wakazi wa maeneo ya baridi na ya miinuko, kama Lushoto, Arusha, Mbeya, Nairobi na Limuru, okidi ya kwanza kufikiriwa ni Calanthe sylvatica. Hii ni mwenyeji wa misitu yenye unyevunyevu ya milima ya Afrika Mashariki. Majani yake ni mapana yenye mikunjo, hubaki mabichi mwaka mzima, na maua yake huwa meupe au ya zambarau kutegemea mmea.

Ukoo wake una historia ya pekee. Okidi ya kwanza ya kuchanganywa na binadamu kutoa maua, iliyochanua nchini Uingereza mwaka 1856, ilikuwa ya jenasi hiyo ya Calanthe. Mzazi wake mmoja alijulikana kwa jina la Calanthe masuca, ambaye wataalamu wengi leo humhesabu kuwa ni Calanthe sylvatica hiyo hiyo.

Okidi ya pili ni Eulophia streptopetala, inayopatikana kuanzia pembe ya Afrika hadi Afrika Kusini. Kwa kawaida huota pembezoni mwa misitu na vichakani, penye kivuli chepesi. Shina lake la maua huweza kufikia urefu wa mita mbili, likibeba maua mengi ya manjano yenye madoa ya kahawia, yanayofunguka moja baada ya jingine. Msimu wa ukame hupoteza majani na kupumzika.

Ndugu yake, Eulophia speciosa, hupendelea udongo wa kichanga na mwanga zaidi, hivyo inafaa ukingoni mwa kivuli, mahali panapopata jua la asubuhi.

Kwa wakazi wa pwani, ambako joto haliiruhusu Calanthe ya milimani kustawi, ipo Oeceoclades maculata. Huyu ni mwenyeji wa Afrika ya kitropiki, na majani yake magumu yenye madoadoa hufanana na ya mkonge mwitu. Maua yake ni madogo na hayavutii sana, lakini huvumilia kivuli kizito na vipindi vya ukame. Uvumilivu huo una upande wake wa pili: mmea huo umesambaa hadi Brazili, visiwa vya Karibi na Florida, ambako huota wenyewe porini. Nje ya Afrika haufai kupandwa ovyo.

Okidi ya kigeni iliyozoeleka katika bustani za nchi za joto ni Phaius tankervilleae kutoka Asia. Maua yake ni makubwa, meupe kwa nje na ya kahawia kwa ndani, juu ya shina la takriban mita moja. Hupenda kivuli chepesi, udongo wenye mboji na maji ya kutosha. Spathoglottis plicata, nayo ya Asia, ni rahisi zaidi kukuza, ila hudai mwanga mwingi na haifai kuwekwa chini ya mti wenye majani mazito.

Kwa wasomaji wanaoishi Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako majira ya baridi huleta theluji, aina hizo za kitropiki haziwezi kukaa nje. Huko mwanzo mzuri ni Bletilla striata ya China na Japani. Tunguu zake hufukiwa kiasi cha sentimita tano, na ardhi hufunikwa kwa majani makavu wakati wa baridi. Katika maeneo ya baridi kali zaidi huweza kupandwa okidi za jenasi ya Cypripedium, ambazo ua lake lina umbo la kiatu, mradi ziwe zimeoteshwa kitaluni.

Kupima kivuli

Kivuli si kimoja. Kivuli cha mwembe mkubwa ulioshiba majani huwa kizito mno kwa okidi nyingi. Kivuli cha mti wenye majani madogo, unaopenyeza vipande vya jua vinavyohamahama, ndicho kinachofaa zaidi.

Ipo njia rahisi ya kupima. Saa sita mchana, siku isiyo na mawingu, nyosha mkono wako kiasi cha sentimita 30 juu ya ardhi mahali unapokusudia kupanda. Kivuli cha mkono kikionekana chenye kingo kali, jua ni jingi kupita kiasi. Kikionekana hafifu chenye kingo zilizofifia, mahali hapo panafaa. Kisipoonekana kabisa, giza limezidi, na itabidi kupunguza matawi ya mti.

Upande wa mashariki wa nyumba ni bora kuliko wa magharibi, kwa kuwa jua la asubuhi ni pole na lile la alasiri huunguza majani. Epuka kupanda chini ya mkaratusi, kwani mizizi yake hunyonya maji kwa wingi na kuuacha udongo ukiwa mkavu.

Kuandaa udongo

Adui mkubwa wa okidi za ardhini ni maji yanayotuama. Kabla ya kupanda, chimba shimo la kina cha sentimita 30, limwagie ndoo ya maji, kisha subiri saa moja. Maji yakiwa bado yamesimama, usipande hapo moja kwa moja. Tengeneza tuta lililoinuka kwa sentimita 20 hadi 30, ukilizungushia mawe au matofali.

Mchanganyiko unaofaa ni sehemu mbili za mboji ya majani iliyooza vizuri, sehemu moja ya mchanga wa mto wenye punje kubwa, na sehemu moja ya vipande vidogo vya mkaa au makumbi ya nazi. Makumbi yalowekwe kwanza na maji yake yabadilishwe mara kadhaa, kwa kuwa huwa na chumvi inayounguza mizizi.

Udongo mfinyanzi usitumike peke yake. Vivyo hivyo samadi mbichi ni hatari. Kama ni lazima kutumia samadi, iwe imekaa na kuoza hadi kupoteza harufu na joto lake.

Usichimbe kwa pupa chini ya mti mkubwa. Kukata mizizi yake minene kwaweza kuua mti unaokupa kivuli. Mahali kama hapo ni afadhali kupanda ndani ya vyungu vipana au matuta mepesi yaliyowekwa juu ya ardhi.

Kupanda

Wakati bora wa kupanda ni mwanzoni mwa mvua, pale chipukizi jipya linapoanza kujitokeza na kabla mizizi mipya haijarefuka. Mizizi ya okidi huvunjika kwa urahisi, na iliyovunjika hukawia kurudi.

Mashina yaliyovimba ya Eulophia streptopetala yafukiwe nusu tu, nusu ya juu ikibaki hewani. Calanthe na Phaius zikae kiasi kwamba kitako cha mmea kiko sawasawa na uso wa udongo. Mmea uliofukiwa kwa kina kupita kiasi huoza shingoni.

Acha nafasi ya sentimita 30 hadi 40 kati ya mche na mche. Baada ya kupanda, tandaza majani makavu yaliyovunjwavunjwa kwa unene wa sentimita mbili au tatu. Matandazo hayo huhifadhi unyevu na, kadiri yanavyooza, huwa chakula cha mmea kama ilivyo msituni.

Maji na chakula

Katika msimu wa kukua, udongo uwe na unyevu wakati wote bila kuwa tope. Njia ya uhakika ni kuingiza kidole sentimita tatu ardhini. Pakiwa pakavu, mwagilia. Mwagilia asubuhi ili majani yawe yamekauka kabla ya usiku, kwa maana maji yanayolala katikati ya chipukizi huleta uozo.

Kwa Eulophia zinazopoteza majani, msimu wa ukame ni wakati wa mapumziko. Majani yakianza kuwa ya manjano, punguza maji, na yakishanyauka yote, acha kabisa hadi chipukizi lichomoze. Watu wengi huzipoteza okidi hizi katika kipindi hiki, wakidhani mmea unakufa kwa kiu, kumbe umelala, na maji wanayouongezea ndiyo yanayouozesha. Calanthe, kwa upande wake, hailali kiasi hicho, na isiachwe kukauka kabisa.

Mbolea itolewe kidogo. Robo hadi nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko yatosha, kila baada ya wiki mbili au tatu wakati wa kukua, na isitolewe kabisa wakati wa mapumziko.

Majani ni shahidi mzuri. Majani ya kijani kibichi yaliyolegea bila maua ni dalili ya giza lililozidi. Yenye rangi ya manjano na mabaka makavu ya kahawia ni dalili ya jua kali.

Wadudu na maradhi

Konokono na koa ndio waharibifu wakuu kivulini. Hutoka usiku na kula chipukizi jipya, na chipukizi likiliwa, maua ya mwaka huo huwa yamepotea. Waokote kwa mkono baada ya giza kuingia, na uondoe mbao na mawe wanamojificha mchana.

Vidukari hukusanyika kwenye vikonyo vya maua. Vifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni hafifu.

Yapo pia maradhi ya virusi ambayo hayana tiba. Huenezwa na visu vinavyotumika kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Kwa sababu hiyo, pitisha kisu kwenye moto kabla ya kukata kila mmea. Mmea wenye michirizi ya manjano au nyeusi isiyoelezeka utengwe na mingine.

Kuongeza miche

Baada ya miaka mitatu au minne, fungu lililojaa huweza kugawanywa mwanzoni mwa msimu wa kukua. Kila kipande kibaki na mashina yasiyopungua matatu na angalau chipukizi moja. Kipande kidogo kuliko hicho kitaishi, lakini kitakawia sana kuchanua.

Phaius ina njia ya ziada. Maua yakishakwisha, shina lake la maua hukatwa na kulazwa juu ya kuvumwani au mchanga wenye unyevu, kivulini. Baada ya wiki kadhaa, miche midogo huchomoza kwenye vifundo vyake.

Mche utoke wapi?

Katika miji kadhaa ya kanda hii, wachuuzi hupita na okidi zilizong'olewa msituni, zikiwa zimefungwa kwa majani au kutiwa ndani ya mifuko. Bei yake huwa ndogo, na mnunuzi hujiona amebahatika. Ukweli ni kwamba mimea mingi ya namna hiyo haimalizi mwaka, na kila unaponunuliwa mmoja, mchuuzi hurudi kuchimba mwingine.

Historia inaonyesha mwisho wa mwendo huo. Nchini Uingereza, okidi ya kiatu iitwayo Cypripedium calceolus ilichimbwa na wapenda bustani kwa kiwango ambacho katika sehemu kubwa ya karne ya 20 ulibaki mmea mmoja tu wa asili uliojulikana, katika jimbo la Yorkshire. Ulilazimika kulindwa kwa siri miaka mingi, hadi wataalamu wa bustani ya Kew walipofanikiwa kuotesha miche maabara na kuirudisha porini.

Kwa upande wa Tanzania, tishio kubwa limetokana na chakula zaidi ya bustani. Viazi vya okidi za jenasi za Disa, Satyrium na Habenaria huchimbwa katika Nyanda za Juu Kusini na kupelekwa Zambia, ambako husagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chakula kinachoitwa chikanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la uhifadhi la Oryx ulikadiria kuwa kati ya viazi milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikivushwa kila mwaka.

Mwaka 2005, uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Hifadhi hiyo yenye kilomita za mraba 412.9, katika mikoa ya Njombe na Mbeya, ina aina 45 za okidi za ardhini, na ni ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua yake.

Okidi za Kitulo si za bustani ya kivuli. Nyingi huishi katika mbuga za wazi, kwenye baridi ya mwinuko wa takriban mita 2,600, na katika udongo wenye kuvu zake. Anayezichimba akazipeleke Dar es Salaam au hata Arusha anazipeleka kufa. Anayetaka kuziona na azifuate huko huko, kati ya Desemba na Aprili, wakati uwanda unapochanua.

Isitoshe, familia nzima ya okidi imo katika mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Kuvusha mmea mpakani bila kibali, hata kama ni mmoja na ni zawadi, ni kosa.

Kwa hiyo, nunua kwenye kitalu kinachoweza kukueleza mche umetokana na nini, au omba kipande kwa mwenye fungu lililojaa. Dalili za mmea wa porini si ngumu kuzitambua: mizizi iliyokatwa ovyo, majani yenye makovu ya wadudu, udongo wa msituni ulioshikamana na mashina, na ukubwa usiolingana katika mzigo mmoja. Mche wa kitaluni huwa na mizizi iliyoenea ndani ya chungu chake.

Kitalu kikikosa okidi unayoitaka, subiri. Mwenye bustani aliyepata fungu moja lililo halali, akaligawa baada ya miaka minne na kumpa jirani kipande, huwa ameongeza okidi duniani bila kuupunguzia msitu hata mmoja.